Kufanana Si Undugu: Konokono wa Ziwa Tanganyika na Ushahidi wa Visukuku

Mtu atokaye Kasingirima, katika mji wa Ujiji, akashuka mpaka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, aweza kuokota magamba ya konokono yatakayomshangaza akiwa ameizoea pwani. Baadhi ya magamba hayo ni mazito, yana matuta na midomo minene, na mtu wa Mrima au wa Unguja akionyeshwa bila ya kuambiwa yalikotoka huenda akasema kwamba yameokotwa baharini. Hali kutoka Ujiji hadi Bahari ya Hindi ni mwendo wa kilomita 1,000 na zaidi, na uso wa ziwa uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 770 hivi. Maji yake hayana chumvi ya bahari. Watu huyanywa na kuyapikia.

Ufanano huo ulizaa swali ambalo wataalamu walibishana juu yake kwa muda wa miaka mingi: Je, bahari ilipata kufika Ujiji? Makala haya yanakusudia kueleza jinsi swali hilo lilivyozuka, jinsi visukuku vilivyolijibu, na jinsi visukuku vidogo zaidi, vilivyozikwa katika tope la ziwa hilohilo, vinavyojibu leo swali lingine linalowagusa wavuvi wa Ujiji katika chakula chao.

Kwanza yafaa neno lenyewe lielezwe. Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa katika ardhi: mfupa, jino, gamba, jani, au hata unyayo. Wengi hudhani kwamba kisukuku sharti kiwe kimegeuka jiwe. Sivyo. Gamba lililofukiwa na tope miaka elfu iliyopita, likabaki kama lilivyokuwa, huingia katika ushahidi huo kama mfupa uliogeuka jiwe tangu miaka milioni mia. Jambo la maana ni kwamba kiumbe kilifukiwa upesi kabla hakijaoza au kusagika, na kwamba mahali kilipofukiwa pajulikane. Kisukuku kilichong'olewa mahali pake bila ya kuandikwa kilikotoka ni kama neno lililosikiwa njiani: huwezi kusema ni la lugha gani, wala la zama zipi.

Mji wa Ujiji wenyewe waweza kuonyesha jinsi mambo hayo yanavyotokea. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone hapo, maji ya ziwa yalikuwa juu kuliko yalivyokuwa baadaye. Mwaka 1874 Cameron aliukuta mto Lukuga, ambao ndio njia ya pekee ya maji kutoka ziwani kwenda Kongo, umezibwa kwa majani na tope. Miaka michache baadaye, karibu na mwaka 1878, kizuizi hicho kilivunjika. Maji yakatoka kwa nguvu, na ziwa likashuka kwa kiasi cha mita 10. Ufuko ukarudi nyuma, na mahali palipokumbukwa kuwa pa mkutano ule pakabaki mbali na maji. Ziwa likishuka hivyo, magamba yaliyokuwa chini ya maji huachwa nchi kavu. Likipanda tena, hufunikwa na tope. Jambo lililotokea mara moja katika umri wa mtu mmoja limetokea mara nyingi katika umri wa ziwa, na kwa vipimo vikubwa zaidi: katika nyakati za ukame wa kale maji yalishuka kwa mamia ya mita.

Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Speke alichukua magamba machache ya ziwa, na mwaka 1859 mtaalamu wa London, S. P. Woodward, aliyaeleza na kuyapa majina ya kitaalamu. Yalikuwa ya aina nne tu: konokono wa aina mbili, na viumbe wa makombe mawili wa aina mbili. Mmoja wa konokono hao alipewa jina la nassa, kwa kufananishwa na konokono wa baharini aitwaye hivyo. Basi tangu siku ya kwanza ufanano na bahari uliingia katika jina.

Baada ya hapo magamba yaliendelea kupelekwa Ulaya. Edward Coode Hore, mmisionari aliyefika Ujiji mwaka 1878, alikusanya mengi, na mwaka 1880 konokono mmoja wa ajabu, mwenye miiba mirefu kama wa bahari zenye joto, aliitwa Tiphobia horei kwa heshima yake. Mwaka 1883 mtaalamu wa Kijerumani, Richard Böhm, aliona ziwani yavuyavu, yaani kiumbe laini kama utelezi, mwenye umbo la mwavuli, ambaye watu wa pwani humjua sana kwa kuwasha kwake. Yavuyavu katika ziwa la maji matamu! Wengi waliona kwamba shaka imekwisha.

Aliyezikusanya hoja hizo na kuzifanya kuwa nadharia moja ni Mwingereza J. E. S. Moore, aliyelizuru ziwa mara mbili katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, na kutoa kitabu chake mwaka 1903. Moore aliyaweka magamba ya Tanganyika ubavuni mwa visukuku vya baharini vya zama za Jurasiki vilivyochimbwa Ulaya, akaona kwamba yanalingana moja kwa moja. Zama za Jurasiki zilikwisha miaka milioni 145 iliyopita. Moore akakata shauri kwamba katika zama hizo bahari iliingia katikati ya Afrika, kisha ikarudi, na ziwa likabaki kama kidimbwi kinachobaki mwambani maji yanapokupwa. Nao konokono wa leo ni wajukuu wa konokono wa bahari ile.

Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Ilikuwa na ushahidi wa macho, nayo ilieleza mambo mengi kwa neno moja. Lakini ilikuwa na upungufu ambao wanafunzi wa lugha watautambua mara moja. Mtu akiona Kiswahili kina neno kitabu, na Kiarabu kina neno kitāb, akahukumu kwamba lugha hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, atakuwa amekosea, maana neno hilo limeazimwa. Akiona Kiswahili kina mtu, na Kirundi kina umuntu, akasema ni undugu, atakuwa amesema kweli, lakini si kwa sababu ya neno moja: ni kwa sababu sarufi nzima ya lugha hizo, ngeli kwa ngeli, inashuhudia asili moja. Na yako maneno yafananayo kwa bahati tu. Ufanano ni mwanzo wa swali, wala si jibu lake. Moore alishika ufanano wa umbo la nje, akauita undugu.

Ili nadharia yake isimame, yalihitajika mambo mawili. La kwanza, katika miamba ya bara ya upande huu vionekane visukuku vya bahari ya Jurasiki. La pili, ziwa liwe na umri wa kutosha kuwapokea wakimbizi hao wa bahari.

Kuhusu jambo la kwanza, bahari ya Jurasiki katika nchi hii inajulikana ilikokuwa, nako ni pwani. Huko Tendaguru, katika Mkoa wa Lindi, wataalamu wa Makumbusho ya Berlin walichimba mifupa ya dinosaria tangu mwaka 1909 hadi 1913, kwa kazi ya mikono ya mamia ya wachimbaji na wapagazi wenyeji. Miamba ya Tendaguru ina tabaka za mifupa ya wanyama wa nchi kavu, na baina yake tabaka zenye magamba ya viumbe wa baharini. Hapo mtu aweza kusoma kwa zamu kuja kwa bahari na kurudi kwake. Kandokando ya Ziwa Tanganyika hakuna tabaka za namna hiyo.

Tena, visukuku vya Bonde la Rukwa, lililo kusini-mashariki ya ziwa katika ufa uleule wa magharibi, vinasema habari nyingine kabisa. Katika miamba ya zama za Kretasio, zilizofuata zile za Jurasiki, vilipatikana visukuku vya dinosaria walao majani: Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014, na Shingopana, aliyetangazwa mwaka 2017, ambaye jina lake ni Kiswahili kitupu, kwa ajili ya upana wa mifupa ya shingo yake. Pamoja nao alikuwapo mnyama wa jamii ya mamba, mdogo kama paka, mwenye meno ya namna mbalimbali kama ya wanyama wanyonyeshao. Naye mwaka 2010 aliitwa Pakasuchus kapilimai, kwa neno paka la Kiswahili na neno la Kiyunani lenye maana ya mamba, na kwa heshima ya Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika miamba mingine ya bonde hilo, yenye umri wa miaka milioni 25 hivi, ilipatikana sehemu ya taya ya Rukwapithecus, aliyetangazwa mwaka 2013, ambaye ni miongoni mwa nyani wasio na mkia wa kale kabisa wanaojulikana duniani. Humo pia mlikuwa na nyoka, akaitwa Rukwanyoka, na mnyama mla nyama aliyeitwa Pakakali. Wote hao ni viumbe wa mito, vinamasi na misitu. Nchi iliyo jirani na Tanganyika ilikuwa bara, si bahari.

Ama jambo la pili, yaani umri wa ziwa, lilipata jibu kwa njia ya kupima tope. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali palipo pa chini kabisa, na chini ya maji hayo kuna masimbi ya unene wa kilomita kadhaa, yaani tope na mchanga vilivyoshuka taratibu na kulala tabaka juu ya tabaka. Katika miaka ya 1980 wataalamu walipeleka mishindo ya sauti ndani ya maji, wakasikiliza mwangwi wake kutoka kila tabaka, na hivyo wakajua unene huo. Kwa kulinganisha unene na mwendo wa tope kujilimbikiza, mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walikadiria kwamba sehemu ya kati ya ziwa ilianza miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Ni umri mkubwa sana kwa ziwa, kwani maziwa mengi ya dunia hayajafika hata miaka elfu ishirini. Lakini ni mdogo mno kuweza kuungana na Jurasiki: kati ya mambo hayo mawili pana pengo la miaka zaidi ya milioni 130.

Hata kabla ya vipimo hivyo, hoja ya Moore ilikuwa imekwisha kulegea. W. A. Cunnington, aliyeongoza safari ya tatu ya uchunguzi ziwani katika miaka ya 1904 na 1905, aliwachunguza viumbe wengine wa ziwa na kuona kwamba ni watu wa maji matamu. Yavuyavu wa namna ileile wakaonekana pia katika Ziwa Viktoria na katika mto Niger, mahali ambapo hakuna aliyedai kwamba ni mabaki ya bahari ya Jurasiki. Baadaye uchunguzi wa chembe za urithi ukathibitisha kwamba konokono wa Tanganyika wafananao na wa bahari ni wa ukoo wa konokono wa mito, wenye jamaa zao katika mito ya Afrika na Asia. Nao konokono mkubwa aitwaye Neothauma, ambaye leo anaishi Tanganyika peke yake, visukuku vya jamii yake vimepatikana kaskazini, katika mabonde ya maziwa Albert na Edward. Hivyo si mgeni aliyetoka baharini. Ni mtu wa ukoo wa bara uliokuwa umeenea, ambaye jamaa zake walikufa akabaki yeye.

Hapo linabaki swali: ikiwa si ndugu wa konokono wa bahari, kwa nini amevaa vazi lao? Jibu limo katika meza ya kulia. Ndani ya ziwa wamo kaa wenye magando makubwa kuliko ya kaa wa mito, ambao huvunja magamba na kula nyama iliyomo. Kelly West na Andrew Cohen waliwachunguza kaa hao na mawindo yao, na katika mwaka 1991 walieleza kwamba magamba ya konokono wa Tanganyika ni magumu kuliko ya konokono wa maji matamu wa kwingineko, na kwamba mengi yana makovu ya kuvunjwa na kuungwa tena na mwenye gamba aliyesalimika. Vita hiyo ya gando na gamba imeendelea kwa mamilioni ya miaka: kila gamba lilipozidi unene, gando likazidi nguvu. Baharini vita kama hiyo ni ya kale zaidi, na imezaa silaha zilezile. Kwa hiyo ufanano ni wa kweli, lakini sababu yake ni kazi moja, si baba mmoja. Seremala wa Lamu na seremala wa Ujiji huweza kufikia umbo moja la chombo bila ya mmoja kumwona mwenziwe, kwa kuwa mawimbi yamewafundisha wote wawili.

Ingekuwa habari imekwisha hapo, ingetosha kuwa fundisho kwa wenye kulinganisha, wawe wa magamba au wa maneno. Lakini tope la ziwa lina ushahidi mwingine, tena mpya zaidi. Maji ya chini ya Tanganyika hayana oksijeni, na penye maji hayo hakuna kiumbe cha kuchimbachimba na kuchanganya tabaka. Tope hulala kama kurasa za daftari lisilofunguliwa. Watafiti huzamisha bomba refu, wakalitoa limejaa tope kwa mpangilio wake, kisha wakahesabu katika kila tabaka magamba ya samaki na mifupa yao, vipande vya konokono, na ostrakodi, ambao ni viumbe wadogo kuliko punje ya mtama, wenye makombe mawili. Kazi ya namna hiyo imefanywa sana karibu na Kigoma, ambako Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ina kituo chake.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwani, ambayo ndiyo asili ya chakula cha samaki wote, umepungua kwa kadiri ya asilimia 20, na kwamba upungufu huo waweza kumaanisha kupungua kwa samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2016 Cohen na wenzake walitoa hesabu ya visukuku vya tope. Vilionyesha kwamba samaki na konokono walianza kupungua pamoja na kupanda kwa joto la maji tangu karne ya kumi na tisa, yaani kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza katikati ya karne ya ishirini. Waliona pia kwamba sehemu ya sakafu ya ziwa yenye oksijeni, ambapo konokono na kaa huweza kuishi, imepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946.

Sababu yaeleweka. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakaelea juu ya maji baridi bila ya kuchanganyika nayo. Mbolea iliyo chini haipandi. Mimea midogo hukosa chakula. Dagaa hukosa mimea na vijidudu vya kula. Na migebuka, walao dagaa, hukosa dagaa. Pamoja na hayo, mahali misitu ya vilima ilipofyekwa, udongo hushuka ziwani na kufunika miamba na mchanga. Na kwenye fuko za namna hiyo aina za ostrakodi zimeonekana kuwa chache kuliko penye vilima vyenye miti.

Haya hayamaanishi kwamba wavu hauna kosa. Samaki waliokwisha kupungua kwa joto hupungua zaidi wakivuliwa kupita kiasi, na ndiyo maana ya kupumzisha ziwa, kama ilivyofanywa upande wa Tanzania kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024. Kwa mvuvi wa Ujiji miezi mitatu bila ya kutia wavu si jambo dogo, na ana haki ya kuuliza kama mzigo huo unambebesha yeye kosa lote. Visukuku vinamjibu kwa uadilifu: sehemu ya kosa ni ya wavu, na sehemu ni ya joto ambalo yeye hakulileta, nalo haliondoki kwa kufunga uvuvi. Bila ya ushahidi wa tope, kila upungufu ungehesabiwa kuwa wake, kwa sababu yeye ndiye anayeonekana.

Kosa hilo lingekuwa ndugu wa kosa la Moore. Yeye aliona gamba linalofanana na gamba, akahukumu kwa macho. Mtu wa leo aonaye mvuvi na wavu wake, na pembeni ndoo isiyojaa, huhukumu vivyo hivyo. Katika mambo yote mawili kilichohitajika ni kuteremka chini ya kile kionekanacho, kupima umri wa kila tabaka, na kuuliza lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Magamba yaliyo ufukoni mwa Ujiji hayakutoka baharini. Lakini yametoka mbali zaidi kuliko walivyodhani waliotangulia kuyaokota, kwani yametoka katika mamilioni ya miaka ya ziwa lenyewe.